Mama kaongezewa dawa ya presha sasa miguu inavimba, hivi mishipa ikitanuka maji yanatoka wapi?

Kitwana Muheza

Wakuu habari za jioni. Naomba mnisaidie maana hapa nyumbani kila mtu ana lake. Bi mkubwa wangu ana miaka 63, presha anayo siku nyingi, alikuwa anatumia amlodipini ya miligramu 5 na alikuwa vizuri tu, mwezi uliopita kliniki wakakuta presha bado inasumbua wakampandisha ikawa 10. Presha imeshuka kweli, sikatai, lakini sasa ikifika jioni vifundo vya miguu vimejaa, kandambili zinamkata, ukibonyeza na kidole panabaki shimo, akiamka asubuhi imepungua halafu jioni tena yale yale. Majirani washaanza kusema figo hizo, shangazi anasema katupiwa kitu (huyo tumuache), na kijana wa duka la dawa akampa vidonge vya kukojoa, amevinywa, anakojoa usiku kucha kweli ila miguu iko vile vile na sasa anasema mwili hauna nguvu.

Mimi nikasoma kile kikaratasi cha ndani ya boksi nikaona wameandika dawa inalegeza misuli ya mishipa ya damu. Ndo nikabaki nashangaa. Kwanza kumbe mishipa ina misuli? Mimi nilijua ni mirija tu damu inapita basi. Pili, mshipa ukitanuka damu si inapita kwa raha zaidi, sasa haya maji ya miguuni yanatoka wapi? Anayeelewa anieleze taratibu, sio kunitisha.

Mzee wa Mizizi

Pole sana mkuu. Hizo dawa za hospitali ndo zinatumalizia wazee wetu. Aachane nazo, atumie kitunguu swaumu na rosela ya kuchemsha asubuhi na jioni, presha kwaheri.

Tabibu wa Zahanati

Kitwana usimwachishe mama dawa kwa maneno ya mtandaoni, ya mzee hapo juu wala ya kwangu. Rosela kama anaipenda anywe, lakini presha iliyofikia kuongezewa dozi huwezi kuiachia ghafla hivi hivi, ikipanda unaweza kuletewa kiharusi ndani.

Kabla ya habari za mishipa nijibu mimi kwanza. Inavimba miguu yote miwili au mmoja? Kuna maumivu au joto upande mmoja? Analala na mto mmoja au lazima apandishiwe, usiku anaamka anahema? Uso je, asubuhi macho yamejaa? Mkojo una povu? Nauliza kwa sababu mguu mmoja ukivimba na kuuma inaweza kuwa damu imeganda kwenye mshipa, kuhema usiku tunaangalia moyo, uso na povu ndo tunafikiria figo. Ukiangalia miguu peke yake vyote hivyo vinafanana.

Kitwana Muheza

Yote miwili, sawa sawa. Hakuna maumivu, anasema inakuwa mizito tu. Analala vizuri, hahemi, uso uko kawaida. Mkojo walipima kliniki wakasema hauna protini na damu ya kuangalia figo majibu yalikuwa mazuri. Ndo maana hiyo ya figo siielewi kabisa.

Tabibu wa Zahanati

Vizuri, umenirahisishia kazi. Kwa maelezo hayo wa kwanza kushukiwa ni amlodipini yenyewe, na imejulikana hivyo miaka mingi. Kwenye majaribio yaliyotumika kuisajili, waliopewa miligramu 5 walivimba kama 3 katika kila 100, waliopewa 10 wakafika karibu 11 katika 100, na wanawake walivimba zaidi ya wanaume. Mama yako ni mwanamke na kapandishwa kwenda 10, hajafanya kitu cha ajabu.

Sasa swali lako la kwanza. Ndiyo, mishipa ina misuli, tena ya kutosha. Ukikata ateri, yaani mshipa unaotoa damu moyoni kuipeleka mwilini, ukaitazama kwa darubini unakuta matabaka matatu, la ndani kabisa linalogusana na damu ni utando wa seli zilizopangana safu moja, la nje ni nyuzi za kuishikilia mahali pake, na katikati ndo kuna misuli laini imeuzunguka mshipa. Inaitwa laini kwa sababu haina ile mistari mistari unayoiona kwenye msuli wa paja au wa moyo ukiweka kwenye darubini. Wewe huiamrishi, inapokea amri za neva, za homoni, za seli jirani, na nyingine inajiamulia yenyewe. Ikijikaza tundu la mshipa linapungua, ikilegea linatanuka.

Aota, ule mshipa mkuu unaotoka moyoni, na ateri nyingine kubwa zina nyuzi nyingi za kunyumbulika, zenyewe kazi yake kubwa ni kupokea kishindo cha moyo. Kubana na kuachia kwenyewe haswa kunafanyika kwenye aterioli, vimishipa vya mwisho kabla damu haijaingia kwenye kapilari, upana wake haufiki hata sehemu ya kumi ya milimita. Na hii misuli haijalegea kabisa hata siku moja, muda wote imejikaza kiasi fulani, neva zinaidondoshea noradrenalini, kemikali ya kuamrisha kubana, kidogo kidogo usiku na mchana, ndo maana mwili unaweza kwenda pande zote mbili, kubana zaidi au kuachia. Kapilari zenyewe sasa hazina msuli hata kidogo, ukuta wake ni safu moja ya seli, na lazima iwe hivyo ili oksijeni, sukari na maji vipenye kwenda kwenye nyama. Hiyo ya kapilari ishike, ndo jibu la swali lako la pili lilipo.

Ticha wa Fizikia

Hapo kwenye tundu ngoja niongeze maana watu huwa hawaamini. Maji au damu inayopita kwenye mrija haifuati upana wake moja kwa moja, inafuata nusu kipenyo kipeo cha nne. Kanuni hiyo aliipata Mfaransa anaitwa Poiseuille, mtu wa udaktari, alikaa anapitisha maji kwenye vimirija vyembamba vya kioo anapima, kazi zake zikatoka miaka ya 1840. Maana yake ni hii, nusu kipenyo ikipungua ikabaki nusu, ukinzani hauongezeki mara mbili, unakuwa mara 16. Na ukiiongeza kwa asilimia 19 tu, mabadiliko ambayo kwa macho hata huyaoni, kinachopita kinakuwa mara mbili, presha ikiwa ile ile.

Damu sio maji matupu, ina seli, kwa hiyo kwenye vimishipa vidogo hesabu haikai sawasawa kama kwenye kitabu, ila mwelekeo ni huo. Mwili unacheza na hiyo kipeo cha nne kila dakika. Unapokimbia, misuli ya mapaja inatoa kabonidayoksaidi, asidi, potasiamu, adenosini, vitu hivyo vinalegeza aterioli za hapo hapo pajani na damu inaongezeka mara nyingi sana, wakati huo huo aterioli za utumbo zinabanwa na neva. Moyo ni mmoja, anayegawa ni hiyo misuli. Nawapa wanafunzi hesabu hii kila mwaka na kila mwaka lazima atokee mmoja wa kubisha.

Binti Sayari

Samahani naingilia. Kama dawa inalegeza misuli mbona mama wa watu hashindwi kutembea? Mbona moyo hausimami, si na wenyewe msuli? Dawa inajuaje iende kwenye mishipa tu?

Mfamasia Nakuru

Binti Sayari hilo swali ni fiti sana, hata darasani wengi hupita hapo bila kuuliza. Dawa haijui kitu, inazunguka mwili wote. Tofauti iko kwa vile kila msuli unapata kalsiamu yake.

Msuli wowote, wa mguu, wa moyo, wa mshipa, hauwezi kujikaza mpaka kalsiamu ipande ndani ya seli. Seli ya msuli laini ikitulia kalsiamu ya ndani ni kidogo mno, ile ya nje ni kama mara elfu kumi ya hiyo, kwa hivyo mlango ukifunguka tu inaingia yenyewe. Ikiingia inashikana na protini moja inaitwa kalmodulini, hao wawili wakishikana wanaamsha kimeng'enya chenye kazi ya kubandika fosfeti kwenye mayosini, protini ya msuli inayovuta, na mayosini ikishabandikwa ndiyo inaweza kukamata aktini, protini mwenzake, na kuivuta, seli inafupika, mshipa unabana. Kuna kimeng'enya kingine kazi yake ni kubandua hiyo fosfeti, msuli unaachia. Hawa wawili wanavutana saa zote na upana wa mshipa wako sasa hivi ukisoma hapa ni pale walipofikia. Ndiyo maana unaweza kuulegeza mshipa kwa njia mbili, upunguze kalsiamu ama umpe nguvu yule wa kubandua, na unaweza kuubana hivyo hivyo. Noradrenalini na angiotensini, homoni ya kubana mishipa, kwa mfano zinafanya yote mawili, zinapandisha kalsiamu na tena zinamfunga mikono yule wa kubandua.

Sasa msuli wa mguu hautumii njia hiyo. Wenyewe unatumia protini nyingine, troponini, na kalsiamu yake imeshawekwa stoo ndani ya seli tayari, haingojei ya nje. Ukifunga mlango wa nje mguu hausikii kitu, mama anatembea. Msuli laini wa mishipa una stoo pia, lakini ili ubaki umekaza unategemea sana kalsiamu ya nje, na mlango mkuu ni ule unaofunguka kwa umeme wa utando wa seli. Amlodipini inaziba huo mlango. Haizibi yote, ndiyo maana mishipa haitanuki mpaka mtu azimie.

Kwa moyo ndiyo uliuliza vizuri, kwa sababu nao una milango ya aina hiyo hiyo. Kinachouponyesha ni kwamba umeme wa seli za mishipa umekaa kwa hali inayofanya mlango ukae mkao ambao amlodipini inaupenda, kwa moyo haupati hivyo mara kwa mara. Ziko ndugu zake, verapamili na diltiazemu, hizo zinashika moyo kweli na kupunguza mapigo.

Kitu ingine inanifurahisha na hii misuli ni ubahili wake. Ikishajikaza inaweza kukaa hivyo masaa na masaa ikitumia nguvu kidogo tu, msuli wa mkono ungekuwa umeshachoka na kutetemeka zamani.

Fundi Bomba Kigamboni

Sasa hapa mmenigusa mwenyewe. Kitwana ngoja nikupe kwa lugha ya kazi yangu. Chukua mpira wa bustani umetobolewa vitundu vidogo vidogo, huku mwanzo weka koki na huku mwisho weka koki. Koki ya mwanzo ikiwa imebanwa kidogo maji yanapita kwa upole, vitundu vinadondosha tone tone. Fungua koki ya mwanzo yote, ile ya mwisho iache kama ilivyokuwa. Presha inajaa katikati na vitundu vyote vinarusha. Tenki halijaongezeka hata lita. Miguu ya mama ndo hapo katikati, au vipi tabibu?

Tabibu wa Zahanati

Fundi uje utufundishie zahanati. Koki ya mwanzo ndo aterioli, mpira wenye vitundu ndo kapilari, koki ya mwisho ni venuli, vile vimishipa vinavyoanza kurudisha damu. Amlodipini inafungua sana aterioli, huku kwa vena, mishipa ya kurudisha damu moyoni, haifanyi cha maana. Kwa hiyo presha ya mkononi inayopimwa na mashine inashuka, lakini presha ya ndani ya kapilari inapanda, na watu wengi wanashindwa kuelewa kwamba hizo ni presha mbili tofauti. Kila siku maji hutoka kwenye kapilari kwenda kwenye nyama na limfu, mirija mingine ya pembeni, inayakusanya kuyarudisha, yakitoka kwa kasi kuliko limfu inavyoweza, yanabaki, unabonyeza unaona shimo. Hayo ndo maji yako Kitwana, ni ya damu yenyewe, hayajatoka kwingine.

Ila mfano wa fundi una pengo moja, na hilo pengo ndo linaeleza kwa nini miguuni na kwa nini jioni. Koki haihisi chochote. Msuli laini unahisi. Mwaka 1902 Mwingereza William Bayliss aliandika kwamba mshipa ukinyooshwa na presha ya ndani unajibu kwa kujikaza, hata ukiwa umezikata neva zake zote. Yaani unafanya wenyewe, haungoji ubongo. Sasa mtu akisimama tuli, uzito wa damu yote iliyo kati ya moyo na kifundo cha mguu unakandamiza chini, pale kwenye kifundo unaongeza kama milimita 90 za zebaki juu ya presha iliyokuwepo, hiyo sio kidogo, na kama ingeshuka yote kwenye kapilari sisi sote tungekuwa tunavimba kila siku tukitoka kazini. Hatuvimbi kwa sababu aterioli za mguuni zinajikaza mara tu unaposimama, hapa hapa kwa kujihisi na kwa neva fupi za jirani, zinazikinga kapilari. Ili zijikaze zinahitaji kalsiamu. Na mlango wa kalsiamu ndo huo tumeuziba kwa dawa.

Basi mama akishinda amesimama jikoni au amekaa miguu inaning'inia, kinga haipo ya kutosha, maji yanashuka kidogo kidogo mpaka jioni. Akilala uzito ule unaondoka, limfu inapata nafasi ya kukusanya, asubuhi kandambili zinaingia.

Na vidonge vya kukojoa sasa umeshaelewa kwa nini havikufua dafu. Mama hana maji ya ziada mwilini, yamehama mahali tu. Ukimkojoza unayatoa kwenye damu, potasiamu na sodiamu zinaondoka nayo, mwili unaishiwa nguvu, miguu iko pale pale. Nikiri hii tabia inanikera, mtu anavimba kwa dawa moja anaongezewa ya pili ya kutibu ile ya kwanza, kesho ya tatu. Vipeleke kliniki uvionyeshe, waseme wao.

Mara nyingi wanachofanya ni kurudisha amlodipini kwenye 5 halafu kuongeza dawa ya kundi jingine kama losatani au enalaprili. Hizo zinamzuia angiotensini, ambaye ni mbanaji mkubwa wa mishipa, na uzuri wake zinalegeza mpaka upande wa venuli. Kwa fundi pale ni kwamba unafungua na koki ya mwisho, katikati panapumua. Kwa hiyo uvimbe unapungua na presha bado inashuka. Enalaprili inaweza kuleta kikohozi kikavu kinachokera, na zote mbili zinataka figo na potasiamu viangaliwe. Daktari wake ndo ataamua, mimi nakupa maneno ili ukifika pale usikae kimya.

Jamaa wa Tandika

Wakuu na mimi swali la pembeni msinicheke. Hizi dawa za nguvu za kiume si nazo zinatanua mishipa? Mzee wangu ana presha na kuna kidonge anaweka chini ya ulimi kifua kikimbana, sasa rafiki yake kamletea za bluu kutoka mjini.

Mfamasia Nakuru

Hakuna wa kukucheka. Kile cha chini ya ulimi kikiwa ni nitroglisarini au jamaa zake wa naitreti, basi mwambie leo hii asiguse hizo za bluu. Zikikutana presha inaweza kuanguka vibaya hata mtu asiamke. Hii sio ya kusubiri kliniki.

Sababu ni kuwa zote mbili zinapita barabara moja, na si ile ya amlodipini. Nitroglisarini ilitengenezwa 1847 na Muitaliano Ascanio Sobrero, aliionja kidogo akaumwa kichwa vibaya sana, leo tunajua ni mishipa ilitanuka. Baadaye Alfred Nobel akatajirika kwa kuitumia kwenye baruti, na uzeeni moyo ukimsumbua madaktari wakamwandikia hiyo hiyo nitroglisarini anywe, akamwandikia rafiki yake barua akishangaa kejeli ya mambo. Zaidi ya miaka mia ilitumika bila mtu kujua inafanya nini ndani.

Jibu lilikuja kwa ule utando wa ndani tabibu aliutaja pale juu, safu moja ya seli. Watu waliuona kama rangi ya ukutani tu. Mmarekani Robert Furchgott alikuwa anatumia vipande vya aota ya sungura, ukiweka asetilikolini, kemikali inayotolewa na neva, wakati mwingine mshipa unabana, wakati mwingine unaachia, akaja kugundua tofauti ni kama wakati wa kukata huo utando umekwanguliwa au umebaki. Ukibaki, mshipa unaachia. Aliandika mwaka 1980 pamoja na Zawadzki kuwa utando unatoa kitu kinacholegeza msuli, na hicho kitu kikaja kujulikana ni gesi, naitriki oksaidi. Furchgott na wanasayansi wenzake Ignarro na Murad wakapewa Tuzo ya Nobel 1998, pesa za baruti ya nitroglisarini zikarudi kwa nitroglisarini.

Damu ikipita kwa kasi inasugua utando, utando unatoa hiyo gesi, gesi inapenya kwa msuli laini na kuwasha mjumbe wa ndani anayeitwa jiemupi ya mduara (cGMP), huyo anapunguza kalsiamu na kumpa nguvu yule wa kubandua fosfeti. Mshipa unaachia. Nitroglisarini inaleta gesi hiyo kutoka nje. Sildenafili, ndiyo hiyo ya bluu, yenyewe haileti gesi, inamzuia kimeng'enya anayemfuta mjumbe, kwa hivyo mjumbe anakaa sana. Uume una vyumba vya msuli laini, ukiachia damu inaingia, ni hivyo tu. Kwanza walikuwa wanaijaribu kwa maumivu ya kifua, ikakubaliwa Marekani 1998 kwa kazi hii nyingine. Sasa mmoja analeta gesi nyingi, mwingine amemfunga mfutaji, mishipa ya mwili mzima inafunguka pamoja na moyo hauna cha kusukumia. Na vile vinavyouzwa barabarani bila lebo usiniulize, mimi hata sijui cha kukulinganishia.

Jamaa wa Tandika

Duh. Nishampigia. Kasema atazitupa, ila nitaenda kuzichukua mwenyewe.

Mpagazi Marangu

Mbona sisi mlimani tunajua nifedipini ni ya mapafu? Mgeni akianza kukohoa na kukosa pumzi huko juu viongozi wanampa na kumshusha. Hiyo nayo si ya presha?

Tabibu wa Zahanati

Ni ndugu wa amlodipini, inaziba mlango ule ule. Ila mapafu yana tabia yake ya kinyume. Mwili mzima sehemu ikikosa oksijeni aterioli zinaachia ili damu ije. Kwenye mapafu oksijeni ikipungua mishipa inabana. Von Euler na Liljestrand walilionyesha hilo kwa paka mwaka 1946. Na lina akili yake, kama kipande cha pafu kimeziba kwa makohozi kuna faida gani kupeleka damu huko, bora ielekezwe kwenye upande wenye hewa. Shida inakuja ukiwa Kibo, mita 5,895, oksijeni unayovuta ni kama nusu ya ile ya Dar, kwa hiyo pafu zima linajiona limekosa hewa na mishipa inabana karibu kote, ila haibani sawasawa. Moyo unasukuma dhidi ya ukuta, presha ya mapafuni inapanda, kapilari za sehemu ambazo hazikubanwa vizuri zinapigwa na presha hiyo na kuvuja, mtu anakohoa povu. Nifedipini inalegeza hapo. Lakini dawa kubwa ni kushuka na oksijeni, kidonge kisiwe sababu ya kumbakiza mtu juu akisubiri kupata nafuu ili apige picha kileleni.

Ona hapo, dawa za kundi moja, mguuni zinaleta maji, mapafuni zinayazuia. 

Mpagazi Marangu

Hiyo ya picha umeongea kitu kweli tabibu.

Kitwana Muheza

Wakuu mrejesho. Tumeenda kliniki, nikamweleza daktari mambo ya aterioli na venuli akaniangalia akaniuliza nimesomea wapi. Kamrudisha amlodipini 5, kamuongezea losatani, vidonge vya kukojoa kasema aache na potasiamu wamechukua kupima. Miguu bado inavimba ila naona sio kama mwanzo. Maswali mawili ya mwisho, nikimpa amlodipini usiku badala ya asubuhi si itakuwa imeisha nguvu mchana akiwa amesimama? Na uvimbe utachukua muda gani kuisha?

Mfamasia Nakuru

Saa ya kumeza haitabadilisha sana hiyo. Amlodipini inakaa mwilini muda mrefu, inachukua masaa 30 mpaka 50 ndiyo kiwango chake kwa damu kipungue nusu, kwa hivyo usiku na mchana iko karibu sawa. Chagua saa ambayo mama hatasahau, hiyo ndiyo saa nzuri. Na kwa sababu hiyo hiyo usitegemee miguu ishuke kesho, dozi ya juu inatoka pole pole, mpe wiki moja mbili hivi.

Akipumzika ainue miguu ipite usawa wa moyo, kuiweka kwa stuli ndogo haisaidii sana. Atembee tembee, misuli ya kigimbi inakamua vena kila hatua, kusimama pahali pamoja ndiyo mbaya. Siku za kwanza za losatani akiamka kitandani akae ukingoni kidogo kabla ya kusimama, asije akapata kizunguzungu. Akivimba midomo ama uso ghafla ni hospitali saa hiyo hiyo. Na ile chumvi mbadala inayouzwa kwa watu wa presha, angalia pakiti, nyingi ni potasiamu, na losatani nayo inazuia potasiamu isitoke, asiitumie mpaka daktari aone majibu ya damu.

Kitwana Muheza

Iko jikoni tayari, shangazi ndo alileta. Naenda kuitoa.